Kidonge Kimoja Nilichokitwisha Mizigo Miwili

Mkono wangu wa kushoto ulivunjika saa kumi na moja alfajiri, nikitoka bafuni. Sikuanguka ngazini wala juu ya kiti. Kidole cha mguu kilinasa kwenye ukingo wa zulia dogo, mwili ukaenda mbele, nikatanguliza kiganja. Nilisikia mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kinapokatwa. Nilipowasha taa na kuutazama mkono, juu kidogo ya kifundo palikuwa pamebonyea kisha pakainuka, umbo la mgongo wa uma. Nilikuwa na miaka 67, na kwa miaka 6 nilikuwa nimeamini kwamba mifupa yangu ina mlinzi.

Mlinzi mwenyewe alikuwa kidonge cha kolesteroli.

Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa hospitali. Lakini tangu yanipate haya nimezungumza na wanawake wengi wa umri wangu, na wanaume pia, wanaomeza statini, yaani hizo dawa za kushusha kolesteroli, kila siku. Karibu kila mmoja ana habari aliyoisikia mahali kuhusu dawa hiyo na mifupa. Wengine wameambiwa inaijenga, wengine wameambiwa inaila. Mimi nilizishika habari zote mbili, moja baada ya nyingine, na kila moja ilinigharimu.

Nilianzishiwa dawa nikiwa na miaka 61. Baba yangu alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 58, mwenyewe nina presha, na kipimo cha damu kilionyesha kolesteroli mbaya, ile inayoitwa LDL, imefika 5.1. Daktari aliniandikia atorvastatini ya miligramu 40, kidonge kimoja kwa siku. Baada ya miezi mitatu LDL ilikuwa 2.6. Nilikishika kile kikaratasi cha majibu nikakisoma mara mbili. Nimeshatumia dawa nyingi maishani ambazo mtu humeza tu akatumaini, lakini hii ilinijibu kwa namba.

Muda si mrefu kliniki ileile ikanipa karatasi nyingine, ya kwenda kupimwa uimara wa mifupa. Mama yangu mzazi alizeeka akiwa ameinama, mgongo umejikunja kiasi kwamba ukizungumza naye ilibidi ainue shingo kukutazama. Mimi nami hedhi ilikoma mapema, nikiwa na miaka 44. Daktari aliona hayo mawili yanatosha kunituma. Karatasi ile niliitia kwenye droo ya cherehani, chini ya makopo ya vifungo, na hapo ikakaa.

Sikuipuuza kwa uvivu. Wiki hiyohiyo rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye naye hutumia statini, aliniambia amesoma kwamba dawa hizi huimarisha mifupa. "Mwenzangu, wewe ukishameza hiyo umemaliza," alisema, "moyo humo, mifupa humo." Nikaona kupima ni kujisumbua, kwa kuwa dawa tayari ninayo. Rafiki yangu hakusema uongo, alisoma kitu kilichoandikwa kweli, na nitakirudia hapo mbele.

Jambo jingine lililonifunga miguu ni maumivu ya mapaja. Yalianza miezi ya mwanzo ya dawa: uzito fulani nikipanda ngazi, na kujisikia kama mtu aliyebeba maji umbali mrefu jana yake. Nilijua kutoka kwenye ule waraka wa ndani ya boksi kwamba statini huweza kuumiza misuli. Sikumwambia daktari, niliogopa ataibadilisha dawa iliyonishushia LDL vizuri namna ile. Badala yake nilipunguza kutembea. Zamani nilikuwa natembea kwa miguu jioni, karibu saa nzima. Ikawa nusu saa, ikawa mara moja moja, mwisho ikawa ni kutoka kwenye cherehani kwenda jikoni na kurudi. Kwa mtu ambaye mifupa yake inapungua, hicho ndicho kitu kibaya zaidi nilichokifanya katika miaka ile sita. Sikukiona kwa sababu kilikuja kidogo kidogo.

Hospitali walininyoosha mfupa, wakanifunga plasta, wakaniambia nirudi baada ya wiki sita. Walifanya kazi safi kwenye mkono. Ila hakuna aliyeuliza kwa nini umevunjika. Nilikuwa nimeanguka, basi. Nilirudi, plasta ikakatwa, nikaoneshwa mkono mwembamba wenye ngozi iliyokauka kama si wangu. Nilijaribu kushika mkasi wa kukatia kitambaa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukikandamiza kitambaa, na ule wa kushoto ulitetemeka mpaka mstari wa chaki ukanipotea.

Aliyeuliza ni kijana mmoja wa mazoezi ya viungo. Alikuwa ananikunja vidole kimoja kimoja.

"Mama, ulianguka kutoka urefu gani?"

"Nilikuwa nimesimama tu, mwanangu. Nilijikwaa."

Akasimamisha mikono. "Umeshapimwa mifupa?"

Nilipomwambia bado, alinieleza kitu ambacho ningependa kila mtu aliyevuka miaka 50 akijue. Mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, yaani alikuwa amesimama au anatembea, halafu mfupa ukavunjika, mfupa huo unatakiwa kuhesabiwa kuwa dhaifu mpaka vipimo viseme vingine. Haijalishi sakafu ilikuwa ngumu kiasi gani. Na aliyevunjika mara moja kwa namna hiyo, hatari yake ya kuvunjika tena ni takriban mara mbili ya mwenzake. Kifundo cha mkono mara nyingi hutangulia, kwa sababu bado tuna wepesi wa kutanguliza kiganja. Miaka ikizidi, mikono inachelewa, na kinachopiga chini ni nyonga. Hakuniambia habari za nyonga kwa kirefu, lakini nilizijua. Karibu mtu 1 kati ya 5 katika wazee wanaovunjika nyonga hafikishi mwaka.

Nilirudi nyumbani nikafungua droo. Karatasi ilikuwa imeshaanza kugeuka rangi.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unalala chali kitandani, mkono wa mashine unapita juu yako bila kukugusa, mionzi yake ni midogo sana, na ndani ya dakika kumi na kitu umemaliza. Majibu hutolewa kwa alama inayoitwa T. Alama hiyo inalinganisha mifupa yako na ya mtu mzima kijana mwenye afya. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994, kuanzia -1 kwenda juu ni sawa, kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua, na ikifika -2.5 au chini zaidi huo ni ugonjwa kamili wa mifupa dhaifu, osteoporosi. Nyonga yangu ilikuwa -2.1. Uti wa mgongo ulikuwa -2.8.

Yule mama wa mapokezi alinisimamisha pia ukutani kupima kimo. Sentimita 159. Nikamwambia kifaa chenu kimekosea, mimi ni 163, nimejipima mwenyewe tangu ujana, kupima watu ndiyo kazi yangu. Alinipima tena. Ikawa 159.

Hapo ndipo moyo ulinienda chini kweli, kwa sababu nilikumbuka magauni yangu. Kwa miaka kama miwili hivi magauni yangu ya nyumbani yalikuwa yanaburuza mbele. Si pande zote, mbele tu, nyuma yakiwa yamepanda juu ya kisigino. Nilidhani ni vitambaa vya siku hizi, vinalegea. Nilikuwa nimekwishapunguza upindo wa mbele wa magauni manne. Na mimi hii kazi naijua. Nimewashonea wanawake wazima kwa zaidi ya miaka 35, na mteja mwenye mgongo ulioanza kuinama namkatia nyuma ndefu kuliko mbele bila hata kumuuliza, maana ukimkatia sawa gauni litamning'inia vibaya. Niliuona mgongo wa kila mtu. Wangu nilikuwa naupunguzia upindo.

Picha ya eksirei ilionyesha pingili moja katikati ya mgongo imebonyea upande wa mbele, umbo la kabari. Ilivunjika lini sijui. Pingili nyingi za mgongo huvunjika namna hiyo, bila kuanguka na bila kelele, mtu akajiambia ni mgongo wa uzee.

Miadi ya daktari wa mifupa ilikuwa baada ya miezi minne. Katika ile miezi nilifanya kosa la pili.

Mtoto wa dada yangu, kwa kunihurumia, alinitumia habari kwamba statini zinaharibu mifupa. Ilitoka kwenye utafiti wa Austria wa mwaka 2019, uliopitia kumbukumbu za afya za watu zaidi ya milioni 7. Waliokuwa kwenye dozi ndogo za statini walionekana kuwa na osteoporosi kidogo kuliko wasiotumia, na waliokuwa kwenye dozi kubwa walionekana kuwa nayo zaidi. Atorvastatini ya zaidi ya miligramu 20 ilihesabiwa katika zile kubwa. Yangu ilikuwa 40. Nilikaa kitandani na simu mkononi, mkono bado unauma, nikaona jibu nimelipata: kidonge nilichokiamini ndicho kilichonila. Usiku huo sikumeza, na sikumeza tena kwa miezi minne. Sikumwambia mtu. Hata binti yangu, ambaye naishi naye, hakujua.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kama 20. Alitazama picha zangu kwa muda, kisha akauliza dawa ninazotumia. Niliposema nimeacha statini, hakunigombeza. Alituma damu ipimwe siku hiyohiyo. LDL ilikuwa imerudi 4.9.

"Mama, mapaja yanaendeleaje?" aliuliza, kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia na hilo.

"Yanauma vilevile."

Alinyamaza kidogo ili nijisikie nilichosema. Miezi minne bila kidonge, na mapaja yanauma vilevile.

Sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Maumivu ya misuli kutokana na statini yapo, na wapo wachache ambao misuli huharibika kwa hatari, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, na huyo anatakiwa kwenda hospitali saa hiyohiyo bila kungoja. Lakini mengi tunayoyabebesha kidonge yanatoka kwingine. Daktari alinieleza jaribio la Uingereza lililotolewa mwaka 2020, watu 60 ambao wote walikuwa wameacha statini kwa sababu ya maumivu na kero nyingine. Walipewa chupa za mwaka mzima: miezi minne ya statini, minne ya vidonge visivyo na dawa, minne ya chupa tupu, bila mpangilio wa kutabirika na bila kujua kidonge kipi ni kipi. Waliumwa kwenye miezi ya statini. Waliumwa karibu sawasawa kwenye miezi ya vidonge visivyo na dawa, kiasi kwamba asilimia 90 ya kero zilijitokeza hata bila dawa yenyewe. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, kila mmoja aliyasikia mwilini, ila statini haikuwa ndiyo inayoyaleta.

Yangu yalikuwa na mwenyewe. Vitamini D ilipimwa ikakutwa chini sana. Upungufu wake unaumiza misuli na kuilegeza, hasa ya mapaja na nyonga, na unaunyima mfupa madini ya chokaa, kwa sababu bila vitamini hiyo utumbo hauyachukui vizuri kutoka kwenye chakula. Nilikuwa mtu wa kukaa ndani siku nzima mbele ya cherehani, nimefunikwa mikono na kichwa. Walipima na tezi ya shingo pia, kwa kuwa ikizembea inaweza kupandisha kolesteroli na kuumiza misuli kwa wakati mmoja. Yangu ilikuwa salama. Ningekuwa nimemwambia daktari wa kwanza kuhusu mapaja yangu nikiwa na miaka 61, pengine haya yote yangejulikana nikiwa bado natembea jioni.

Kisha nikamuuliza lile swali lililonikaa kooni: hii dawa inajenga mifupa au inaibomoa?

Alivuta karatasi akachora bomba refu la kwenda chini. Mwili, alisema, hutengeneza kolesteroli kwa hatua nyingi zinazofuatana. Statini inafunga bomba huku juu kabisa, na hasa ndani ya ini. Ukishuka, kabla ya kufika kwenye kolesteroli, bomba linatoa matawi ya vitu vingine ambavyo seli zinavihitaji. Sasa mfupa si jiwe. Kila siku una seli zinazobomoa sehemu zilizochakaa na nyingine zinazojenga upya, na baada ya hedhi kukoma wabomoaji wanawazidi wajenzi mbio. Zipo dawa za mifupa, alendroneti na ndugu zake, ambazo hufunga bomba hilohilo, ila chini zaidi, na ndani ya wale wabomoaji. Wakikosa kinachopita pale wanashindwa kazi.

Kwa hiyo wanasayansi walipojiuliza kama dawa ya juu inaweza kufanya kazi ya dawa ya chini, lilikuwa swali zuri. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba panya waliopewa statini waliota mfupa mpya. Mwaka 2000 zikafuata tafiti za kumbukumbu za wagonjwa, zikaonyesha wanaotumia statini wanavunjika kidogo kuliko wenzao. Hicho ndicho alichokisoma rafiki yangu. Miaka mingi imepita, habari bado inazunguka.

Kilichofuata baadaye hakikuzunguka sana. Kumbukumbu za wagonjwa zina mtego: mtu anayemeza kidonge cha kinga kila siku kwa miaka, mara nyingi ndiye huyohuyo asiyevuta sigara, anayekwenda kliniki, anayejitunza. Na wenye kolesteroli nyingi mara nyingi ni wenye miili mizito, na mwili mzito huwa na mfupa mzito. Dawa ikasifiwa kwa kazi ya vitu vingine. Njia ya kuutegua mtego ni kugawa watu kwa kura, nusu dawa halisi na nusu kidonge kisicho na dawa. Jaribio moja kubwa la namna hiyo, JUPITER, lilikuwa na watu 17,802, wanaume kuanzia miaka 50 na wanawake kuanzia 60. Lilianzishwa kwa ajili ya moyo, lakini mivunjiko ya mifupa nayo ilihesabiwa, na hesabu ikachapishwa mwaka 2015. Waliokuwa kwenye rosuvastatini, statini nyingine, walivunjika mara 221. Waliokuwa kwenye kidonge kisicho na dawa, mara 210.

Nilimwomba aziandike zile namba mbili chini ya lile bomba. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la nyuzi. Statini ilishindwa kuwalinda mifupa, na pia haikuwabomolea. Ule utafiti wa Austria una mtego uleule kwa upande wa pili: anayepewa dozi kubwa ni mgonjwa zaidi, ana maradhi mengine, pengine amepunguza kutembea, na kwa kuwa yuko hospitali kila mara hupimwa mifupa zaidi ya wengine. Unaweza kuuliza swali kutoka hapo, lakini kuacha dawa kwa ajili yake, kama nilivyofanya, ni jambo jingine.

Na sababu ya panya kufanikiwa na sisi kushindwa? Statini ukiimeza inanaswa na ini, ndiyo maana inaweza kazi yake, na kinachobaki kufika kwenye mfupa ni kidogo. Alendroneti yenyewe hujishikiza kwenye madini ya mfupa ikakaa humo miaka. Kila moja imekwenda mahali pake.

Nimerudia atorvastatini siku hiyohiyo. LDL iko 2.5.

Alendroneti nilianza baada ya vitamini D kupandishwa kwanza, na baada ya kumwona daktari wa meno, maana dawa hii mara chache sana huleta shida ya taya, hasa mtu aking'olewa jino akiwa anaitumia. Ni kidonge cha miligramu 70, mara moja kwa wiki, nami nimechagua Jumapili. Naamka saa kumi na mbili, tumbo tupu. Natia maji matupu kwenye bilauri kubwa, si chai wala maziwa, na kidonge cha kalsiamu nakiacha cha mchana, kwa kuwa vyote hivyo huizuia dawa isiingie mwilini. Nameza, namaliza bilauri nzima, kisha nakaa wima kwenye kiti cha cherehani, mgongo umenyooka, kwa nusu saa. Kulala ni marufuku, kwa kuwa kidonge kikirudi juu au kikinasa kooni kinachoma umio. Wiki ya kwanza nilisahau nikainama kuokota sindano, nikahisi kiungulia kikali mpaka saa nne. Sasa natumia nusu saa ile kusikiliza redio kwa sauti ya chini, mikono juu ya magoti, na binti yangu ameshazoea kunikuta nimekaa hivyo kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Baada ya kama miaka 5 daktari atanipima tena na kuamua kama nipumzike. Dawa za mifupa za jamii hii hazimezwi milele bila kutazamwa. Statini yangu ni ya kudumu, kwa sababu ya baba na presha. Hata ratiba zao hazifanani.

Nyumbani tulitoa zulia la bafuni. Tuliweka taa ndogo ya usiku kwenye njia ya choo na chuma cha kushikia ukutani. Mfamasia alinikagulia vidonge vyote na kuniondolea kimoja cha mafua na mzio nilichokuwa nakimeza ili nipate usingizi. Ndicho kilichokuwa kinaniamsha nikiwa mlevi wa usingizi, miguu haijui sakafu iko wapi. Alfajiri ile niliyovunjika nilikuwa nimekimeza. Kwa hiyo aliyeniangusha huenda hakuwa zulia peke yake, na wala hakuwa statini.

Natembea tena jioni. Asubuhi nasimama na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kujishika, jambo ambalo mwanzoni sikuliweza hata mara mbili. Nasimama kwa mguu mmoja nikiwa nimeshika ukingo wa meza ya kukatia. Mapaja yamenyamaza miezi mitano baada ya vitamini D kupanda, na statini ikiwa mdomoni kila siku.

Mwezi uliopita alikuja mteja, dada mmoja mwenye miaka 70 na kidogo, na gauni lililoshonwa kwingine. Alitaka nimpunguzie mbele, linamburuza. Nilipiga magoti na pini mdomoni, nikaona nyuma limepanda juu ya kisigino karibu vidole vitatu. Nilizitoa pini.

"Dada, umewahi kupimwa mifupa?"

"Mimi natumia dawa ya kolesteroli," alisema, "wameniambia hiyo inatosha."

Nilimvutia kiti. Nilimfungulia mlango wa kabati la nyuzi nikamwonyesha lile bomba na namba 221 na 210, nikamweleza asithubutu kuacha kidonge chake kwa ajili ya maneno yangu, akitoka hapa aendelee nacho vilevile. Kisha nikampima kimo kwa utepe, mgongo na visigino ukutani, nikamuuliza ujanani alikuwa na ngapi. Tulipata tofauti ya sentimita 5. Niliiandika nyuma ya karatasi ya vipimo vyake, pamoja na jina la kipimo cha kuomba, akaikunja akaitia mkobani. Gauni nililishusha nyuma badala ya kulipunguza mbele.

Juzi amerudi na majibu yake kwenye bahasha. Tumekaa tukayasoma pamoja, miwani moja tukipokezana.